Herufi Moja Ukutani kwa Mama Pindo

Jumatatu, 4 Machi

Asubuhi mbaya. Kompyuta mpakato imegoma. Jana ilikuwa nzima. Leo nimeamka, nimekunywa chai, nimeifungua, hakuna intaneti. Pale chini pembeni, palipokuwa na alama ya mawimbi, sasa pana picha ya ndege ndogo. Nikaona ni dalili njema, maana mke wangu yuko ng'ambo kwa binti yetu tangu mwezi uliopita, na alikwenda kwa ndege. Nikangoja. Haikupaa wala haikutua.

Na jana nimeisafisha! Kitufe kwa kitufe, kwa kitambaa chenye maji kidogo, dakika arobaini. Ndiyo shukrani yake.

Niandike mambo yaeleweke, hata kama msomaji wa shajara hii ni mimi peke yangu. Binti amejifungua mtoto wa kiume. Mjukuu wangu wa kwanza. Ana siku kumi na tisa, na jina bado. Jumamosi saa kumi jioni familia zote mbili zitakutana kwenye kompyuta, kila mtu na kidirisha chake, na jina litatajwa. Nataka liwe langu. Sijamwambia mtu yeyote. Mtu haombi heshima, anakaa tu mahali ambapo heshima inaweza kumwona.

Tatizo ni kwamba yuko mwingine anayeonekana zaidi. Baba mkwe wa binti yangu. Namwita Mubashara, kwa kuwa yuko hewani kila siku na simu yake mpya, akimwimbia mtoto. Mke wangu ameniarifu kwamba mtoto akisikia sauti yake anatulia. Sikufurahishwa na habari hiyo. Simu yetu kubwa aliondoka nayo mke wangu. Mimi nimebaki na simu ya vitufe na kompyuta hii, nayo ndiyo hii imegoma.

Nimejaribu kila njia. Nimeizima, nimeiwasha. Nimeipandisha juu ya kabati. Nimeitoa hadi roshani nikaielekeza chini kwa Mama Pindo, nikaitikisa kidogo.

Mama Pindo ni fundi cherehani, duka lake liko chini ya chumba chetu cha kulala. Intaneti ni yake. Anatugawia kwa hisani, maana yeye na mke wangu ni chanda na pete. Mimi na yeye hatuelewani tangu Januari. Aliweka bango jipya: NGUO ZOTE ZINA SHONWA HAPA. "Zina" peke yake huku, "shonwa" peke yake kule, kama wanandoa waliogombana. Nimesoma prufu na kusahihisha makosa kwenye kiwanda cha uchapaji miaka thelathini na moja. Siwezi kupita chini ya kitu kama hicho kila siku nikabaki na afya yangu. Nilipanda ngazi nikayaunganisha maneno hayo kwa rangi nyeusi. Badala ya ahsante, nikasikia kwamba rangi imedondokea gauni la mteja. Tangu siku hiyo mtaa mzima unaniita Mzee Nukta.

Kwa hiyo jibu liko wazi: amenikatia. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo anashona yeye.

Mchana. Nimegundua mahali kompyuta inapohifadhi majina ya mitandao. Wa Mama Pindo upo. Chini yake pana neno moja: Sahau. Nimelitafakari. Huenda kompyuta imeshika kinyongo, kuna jambo la jana haijalisamehe. Ikisahau, tutaanza upya kama watu wazima. Nimebofya Sahau. Imesahau.

Hakuna kilichobadilika. Nimejilaza na viatu. Nimechoka tangu Januari.

Jumanne, 5 Machi

Nimeibeba kompyuta hadi kwa fundi wa kompyuta, yule mwenye kibanda karibu na posta. Watu humwita Zima-Washa, maana hajapata kujulikana kwa dawa nyingine. Nilimweleza historia yote tangu bango la Januari. Alisikiliza bila kuinua kichwa. Akaizima. Akaiwasha. Akaangalia ile ndege, akabonyeza kitufe kimoja kwa kidole kimoja, ndege ikatoweka na mitandao saba ikajipanga kwenye kioo.

Kidole kimoja! Nilimwuliza kama hana jambo refu zaidi la kufanya, maana nimepanda kilima kuja kwake. Akasema kitufe cha ndege huzima waifai, na bila shaka kilibonyezwa wakati wa kusafisha. Akaniambia niingie sasa, niweke neno la siri. Nikasema kompyuta inalijua. Akatazama. Akasema ilikuwa inalijua. Akataka kujua ni nani aliyebofya Sahau.

Nikasema sijui. Akanitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa wa sukari mwenye makombo ya keki kifuani.

Kwa hiyo Mama Pindo hakunikatia. Sikubali moja kwa moja. Aliyenikatia ni mimi, lakini kwa kitambaa, na kitambaa nilikinunua kwake.

Neno la siri aliliingiza mke wangu, siku ile ya kwanza. Sikuangalia, nilikuwa nasoma prufu. Kumwuliza Mama Pindo haiwezekani. Mtu hawezi kushuka ngazi akaomba, huku rangi yake bado iko kwenye bango la mwenzake. Kesho nitampigia mke wangu. Jambo la dakika moja.

Jumatano, 6 Machi

Nimempigia. Mtoto analia, bomba la maji linafunguliwa na kufungwa, sauti inakuja na kwenda. Nikamwuliza neno la siri la Mama Pindo ni lipi. Akajibu neno moja:

"Sikuambii."

(Alitamka "sikwambii". Nimesahihisha.)

Nikamwuliza tena, taratibu, kwa heshima. Akasema lilelile. Nikamwambia sasa si wakati wa utani, Jumamosi iko mlangoni. Akasema hatanii, mbona simwelewi, ni hilo hilo, kisha mtoto akapiga ukelele na simu ikakatika.

Miaka thelathini na minne ya ndoa. Nimewavumilia dada zake. Nimekula wali ulioungua nikasema una ladha. Leo naomba neno moja ananinyima, tena na mtoto mkononi. Iliniuma. Nilikaa jikoni muda mrefu nikitazama kikombe chake.

Kisha nikaamka nikapanga mpango. Wateja wa Mama Pindo huingia na simu zao wakaangalia mitindo. Kwa hiyo neno limeandikwa mahali fulani dukani. Kinachotakiwa ni sababu ya kusimama humo bila kuomba. Nilichukua suruali yangu ya kijivu, ile nzuri, iliyonikaa sawa tangu siku niliyoinunua, nikashuka nayo. Nikasema naomba apunguze urefu.

Mama Pindo alinitazama, akatazama suruali, akasema haya. Akanisimamisha kwenye kibao, akapiga magoti na pini mdomoni. Alikuwa akiniuliza maswali, nami nilikuwa nikisema ndiyo, ndiyo, huku macho yakizunguka ukutani. Kalenda. Picha za magauni. Kioo. Na hapo, juu ya meza ya kukatia, karatasi nyeupe yenye maandishi makubwa ya kalamu nene:

NENO SIRI YA WAIFAI: SIKWAMBII

Nilisoma mara tatu. Ujeuri wa kuandikwa! Anawatangazia wateja wake kwamba neno lipo na hawaambii. Nikaelewa mke wangu alikoutoa mtindo ule. Wanakaa pamoja, wanacheka pamoja, majibu yao sasa ni yaleyale. Nilisikitika kwa ajili ya wateja na kwa ajili yangu.

Lakini kilichonichoma zaidi ni uandishi. Maneno matano, makosa matatu. "Nenosiri" limekatwa vipande viwili. "Ya" badala ya "la". Na ile w! Najua watu husema "sikwambii". Mama yangu mzazi alisema hivyo. Kusema ni kusema na kuandika ni kuandika, na mimi kwa miaka thelathini na moja nimeifuta w hiyo popote nilipoikuta, nikaweka u: sikuambii. Vitabu vya darasa la nne mpaka la saba vimepita mkononi mwangu, hutaiona humo.

Mama Pindo akaenda chumba cha nyuma kutafuta chaki. Mfuko wa shati langu una vitu viwili siku zote, kalamu nyeusi na wino mweupe wa kufutia. Ilichukua muda wa kupumua mara kumi. Niliunganisha, nikabadili "ya" ikawa "la", nikapaka weupe juu ya w, nikapuliza, nikaandika U nzuri, ya kiwandani. Aliporudi nilikuwa kwenye kibao, nimenyooka.

Neno la siri sikulipata. Lakini nilipanda ngazi nikiwa mwepesi, kwa mara ya kwanza wiki hii.

Alhamisi, 7 Machi

Mke wangu amepiga mara tatu. Sikupokea. Aniulize tena nimwambie sikuambii.

Asubuhi nilibahatisha. Cherehani. Pindo. Sindano. Jina la mke wangu. Jina la mke wangu kinyumenyume. Jina langu, ingawa moyoni nilijua. Majaribio arobaini na mawili, nimeyaandika yote kwenye orodha ili nisirudie, kisha nikagundua nimerudia sita. Kompyuta inajibu kwa upole uleule kila mara kwamba neno si sahihi. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo mara arobaini na mbili kwa siku moja. Kazi hiyo ilikuwa yangu.

Mchana kelele kutoka dukani. Wateja wanalalamika kwamba waifai inakataa simu zao. Nilisikia Mama Pindo akiwaambia waangalie ukutani, wakasema wameangalia, akawaambia waangalie vizuri. Simu yake mwenyewe inafanya kazi, za wageni wote zinakataa. Nilifungua dirisha nisikie zaidi. Nikiri, nilifarijika. Aliyeninyima naye anahangaishwa.

Jioni nilifikiria Mubashara. Yeye hana shida yoyote. Jumamosi atakuwa pale amechana ndevu, nyuma yake pazia, mtoto akimtambua. Atasema neno moja tu la hekima na jina litakuwa lake. Kama siwezi kufika mimi, basi na yeye asifike. Nilimtumia ujumbe kwa simu ya vitufe: "Mkwe, salaam. Kikao kimesogezwa hadi Jumapili saa kumi." Niliuhariri mara nne. Hauna hata kosa moja.

Baada ya kuutuma nikaanza kujisikia vibaya. Nikafikiri ni kwa sababu sijala. Nikala. Haikuwa hiyo.

Ijumaa, 8 Machi

Kwanza, jibu la Mubashara: "Ahsante sana mkwe kwa kunijulisha. Jumamosi nitakuwepo kama kawaida, na Jumapili nitakuwepo tena, kwa usalama." Huwezi kupigana na mtu wa namna hii.

Saa nne mlango ukagongwa. Mama Pindo mwenyewe, utepe wa kupimia shingoni, simu mkononi. Hajapanda ngazi hizi tangu Januari. Ndani ya simu alikuwa mke wangu, sauti juu, na hakuanza na salamu. Aliuliza kama nimekufa. Nikasema hapana. Akauliza basi kwa nini sipokei simu. Nikasema mtu anayenyimwa neno na mke wake hana la kuzungumza.

 Kisha nikamsikia akivuta pumzi, kama anavyofanya akinitafutia miwani iliyo kichwani kwangu.

"Baba," akasema, "neno la siri ndilo hilo. Sikwambii. Ndilo neno lenyewe."

Nikamwomba arudie. Akarudia. Mama Pindo akaongezea kwamba lilichaguliwa na dada yake yeye Mama Pindo, kwa kuwachekesha wateja: kila anayeuliza anajibiwa sikwambii, ananuna, kisha anaelekezwa ukutani, anacheka, anashona nguo mbili badala ya moja. Mtu wa kwanza kununa siku tatu mfululizo, alisema, ni mimi.

 Nilimwomba radhi mke wangu, kwa kifupi. Akasema yamekwisha, niiwashe hiyo kompyuta, kesho nisije nikakosa, kuna jambo. Nikauliza jambo gani. Akasema hilo sasa hataniambia kweli kweli. Mama Pindo akashuka, ana mteja kwenye kibao.

Nikakaa. Nikanyoosha vidole. Nikaandika: sikuambii.

Neno si sahihi.

Nikaandika tena, herufi moja moja. Si sahihi. Mara ya tatu nikitaja herufi kwa sauti. Si sahihi. Nikashuka polepole mpaka dirishani pa duka, nikachungulia ukutani. NENOSIRI LA WAIFAI: SIKUAMBII. Sawasawa kabisa. Nikasimama pale kidogo nikilifurahia, limeandikwa vizuri. Nikapanda juu nikaandika tena. Si sahihi.

Hitimisho: kompyuta imeharibika. Labda maji ya kitambaa. Nimeifunika kwa taulo, nimefunga madirisha, nimekaa kando yake. Kesho saa kumi mjukuu wangu atapewa jina, nami nitakuwa hapa nikiangalia taulo. Sina mpango wowote. Hii haijawahi kutokea.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika yote, hata yale yasiyonipendeza.

Saa tisa alasiri nilishuka na kompyuta kwapani, nimevaa shati la harusi yangu na suruali ya kijivu, ambayo Mama Pindo aliniletea mlangoni asubuhi imekunjwa vizuri. Niliivaa bila kujitazama. Niliona niombe tu. Mtu akichoka vya kutosha, kuomba hakumgharimu chochote.

Dukani walikuwa wateja watano na Zima-Washa. Mama Pindo alikuwa amemwita, kwa kuwa tangu Jumatano hakuna mgeni anayeweza kuingia kwenye waifai. Zima-Washa alikuwa ameshazima na kuwasha kile kisanduku cha intaneti mara nne. Sasa alikuwa ameshika pini ya cherehani, anatafuta kitundu cha nyuma ili afute kila kitu aanze upya. Nikauliza itachukua muda gani. Akasema ikienda vizuri, kesho.

Kesho!

Mama Pindo akamwambia asubiri kwanza. Akavaa miwani yake ya kutungia uzi. Akaikaribia karatasi ukutani, kwa sababu mteja mmoja alisema amefuata herufi zile zile. Akasoma. Akasoma tena. Akanyoosha ukucha, akakwangua taratibu juu ya U yangu, na chini ya weupe ikachungulia W.

 Zima-Washa aliacha kutafuta kitundu. Watu watano wakageuka, mmoja wao akiwa na mkono mmoja tu wa gauni, wote wakautazama mfuko wa shati langu, ambamo kile kichupa cha wino mweupe kilikuwa kimetokeza kifuniko.

Nilianza kueleza. Nilisema kanuni ya uandishi, nilisema kiambishi cha mtendwa, nilisema darasa la nne mpaka la saba. Niliona sauti yangu inapungua yenyewe. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Hawakusema kwamba akishaingia ataona kimechimbwa vizuri.

Mama Pindo alivua miwani.

"Mzee," akasema, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma, "mtandao ni wangu na kosa ni langu. Niachie kosa langu."

Kisha akasogeza vitambaa, akaniwekea kompyuta juu ya meza ya kukatia, akavuta kiti. Saa ilikuwa kumi kasoro dakika mbili. Nikaandika s, i, k. Kidole kikasimama. Nimeifuta herufi hiyo maisha yangu yote ya kazi. Niliiandika nimefumba macho. Yaliyobaki yakajiandika yenyewe, na mawimbi yakapanda pale chini pembeni, matatu, meusi, kama kwamba hakukuwa na jambo lolote wiki nzima.

Walikuwepo wote. Vidirisha sita. Mke wangu, amenenepa kidogo, sikusema. Binti yangu, ana macho ya mtu asiyelala. Mubashara, ndevu zimechanwa, pazia nyuma. Na mtoto. Kumbe ana paji langu la uso, pana, lenye mashaka. Alifungua jicho moja akanitazama kana kwamba ameona kosa mahali fulani. Nilitaka kulia, na nililia. Wateja wa Mama Pindo wakajifanya wanapima urefu wa mapazia.

Binti akasema kwamba kumbe hakuna la kuchagua. Jina lilishaandikishwa tangu Jumanne, leo walitaka tu kunitangazia mbele ya watu. Ni langu.

Jumanne! Jumanne nilikuwa kilimani na Zima-Washa. Jumatano nilikuwa kwenye kibao. Yote yale nimehangaikia kitu kilichokuwa changu.

Nikauliza ni nani aliyelipendekeza, nikidhani ni mke wangu. Mubashara akainua mkono kidogo.

"Mimi ninao wajukuu watatu tayari wenye jina langu," akasema. "Nikiita mmoja wanakuja wote. Nikaona huyu apewe la mkwe wangu, mtu anayejua kuandika."

Nikaukumbuka ujumbe wangu wa Alhamisi usio na kosa hata moja. Sikuwa na pa kuyaweka macho yangu. Nilisimama kumshukuru, kwa heshima, mkono kifuani. Vidirisha vyote sita vikaangua kicheko, na nyuma yangu duka zima. Nikatazama chini. Suruali yangu ya kijivu inaishia katikati ya miguu. Mama Pindo akasema aliniuliza mara tano kama nina hakika, na mara tano nilisema ndiyo.

Kisha binti akaleta cheti cha kuzaliwa mbele ya kioo. Mhuri, tarehe, sahihi. Na jina langu. Jina langu lina dh. Baba yangu alinifundisha kuliandika kwa kijiti mchangani, akaniambia d na h hazitengani. Kwenye cheti wameandika z.

Mubashara akaeleza kwa furaha kwamba yeye ndiye aliyewatajia herufi kwa simu.

Mdomo wangu ulifunguka. Mke wangu alinitazama kutoka huko mbali, akatikisa kichwa kidogo sana. "Baba," akasema, "tafadhali." Mtoto alikuwa amelala. Binti alikuwa ameshika cheti kwa mikono miwili kama anavyoshika kitu anachokipenda.

Nikafunga mdomo. Nikasema ni jina zuri. Halafu nikasema tena, kwa kuwa mara ya kwanza sauti haikutoka.

Kabla hatujaagana Mubashara akanikonyeza, akasema kesho saa kumi yupo pia, kama nilivyomjulisha. Hakusema zaidi ya hapo.

Jumapili, 10 Machi

Nimepumzika. Nimefikiri. Nimezeeka vya kutosha kujua kwamba si kila kosa ni la kusahihishwa. Kuna makosa yanayobeba watu ndani yake. Nimeiandika sentensi hiyo, nimeisoma mara mbili, naona ni nzuri.

Saa kumi nilimpigia Mubashara kwa simu ya vitufe, ili asikae hewani peke yake. Tulizungumza robo saa. Kuhusu magoti zaidi. Ni mtu mwema.

Ingawa, nikitafakari, mtu hawezi kukosea z na dh kwa bahati mbaya. Nimeanza kuandika barua kwa ofisi ya vizazi na vifo. Rasimu ya kwanza ina kurasa tatu.

Jumatatu, 11 Machi

Kompyuta haiingii kwenye mtandao.

Nimeangalia ndege: haipo. Nimezima, nimewasha. Sikubofya Sahau. Nimeshuka kuuliza, kwa unyenyekevu kabisa, na Mama Pindo, akiwa na pini mdomoni, akaonyesha ukuta kwa kidevu. Amebadilisha neno. Karatasi mpya, kalamu nene, herufi kubwa kuliko zile za kwanza:

NENO SIRI MPYA: usi sahihishe

Nimecheka nao, yeye na wateja wake. Kweli nimecheka. Nikapanda juu nikaandika: usisahihishe. Limekataa. Nimeandika mara kumi na mbili, kwa usahihi ule ule, limekataa mara kumi na mbili. Nadhani kile kisanduku chake kina matatizo, Zima-Washa alikichokonoa sana.

Saa kumi binti atapiga, mtoto akiwa macho. Sasa ni saa nane. Nimechukua suruali ya kijivu, nitasema naomba airefushe. Chumba cha nyuma ndiko anakoweka vitambaa vya kuongezea, atakawia kidogo. Kuna "mpya" inayotakiwa kuwa "jipya", na kuna nafasi mbili za kuziba, moja baada ya "neno", nyingine baada ya "usi". Kichupa kiko mfukoni. Ni vistari viwili tu vidogo, nani ataona?